Nimeanza sindano za kupunguza uzito, dozi nikazipanga kwa siku ya mnada. Yaliyonikuta

Wakuu, habari za mchana. Wenye vitambi kama changu, habari zenu mara mbili.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina pa kuichukulia.

Mimi ni afisa mifugo, mtu wa Singida, kituo changu cha kazi kiko Issenye, wilaya ya Serengeti. Nimeoa huku huku. Bhoke ni Mkurya wa Tarime.

Miaka tisa nazunguka kwa wafugaji. Kila boma ni maziwa, ugali wa udaga, ule wa muhogo, na nyama, na ukikataa mwenye boma ananuna. Nilikuja na kilo 74. Mwaka jana mizani ikasoma 121.

Sasa sikieni kilichonitoa usingizini.

Siku hiyo tulikuwa tunachanja. Kwa wasiojua, ng'ombe hupitishwa kwenye kibanio, njia nyembamba ya nguzo ambako wanapangwa mmoja mmoja. Pembeni kuna upenyo kati ya nguzo mbili. Umepimwa kabisa, mtu anapita, ng'ombe hapiti. Ng'ombe akikuvamia ukiwa ndani, unatokea hapo.

Nikaingia kumnasua ndama aliyeanguka. Mlango wa nyuma ukaachiwa. Dume jeusi likaja.

Nikakimbilia upenyo.

Nikakwama.

Wakuu, tumbo upande huu, makalio upande ule! Wafugaji wakalivuta kwanza dume kwa kamba, halafu wakanivuta mimi. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini kwenye kinyesi na hakujali.

Nami nilicheka. Nyumbani nikamsimulia Bhoke kama kichekesho, na mikono nikaonyesha. Hakucheka. Akaniuliza, "Na siku wa kulishika hawapo, utatokea wapi?"

 Swali lile nililala nalo na kuamka nalo wiki nzima.

Nikaenda Mwanza hospitali. Daktari akapima damu, akapima presha, akasema sukari haijafika ila iko njiani inakuja. Tukaongea sana, mwisho akaniandikia sindano ya mara moja kwa wiki. Wiki nne za mwanzo robo miligramu, baada ya hapo nusu. Siku ile ile kila wiki. Hilo alilirudia mara tatu, likumbukeni.

Sasa wakuu, mimi nimechoma ng'ombe, mbuzi, punda na mbwa wakali. Siwezi kuhesabu. Lakini kile kisindano chembamba kama unywele kilinikalisha kitandani dakika ishirini, shati juu, jasho linanitoka.

Bhoke akasimama mlangoni. "Ng'ombe unawaambia tulia. Haya, na wewe tulia."

Tik. Basi. Sikusikia kitu! Niliruka ruka chumbani kama nimefunga goli.

Dawa inatakiwa kukaa kwenye ubaridi, na umeme wa kwetu mnaujua. Nikaiweka ofisini kwenye friji la sola, katikati ya chanjo za kuku. Nikabandika karatasi: SI YA KUKU. YA BWANA MIFUGO. Mama mmoja alikuja kuchukua chanjo ya mdondo, akaisoma taratibu, akaniangalia kwa huruma. "Pole bwana mifugo. Kumbe na nyie mnapata?"

Kumbukumbu je? Nilichukua daftari la matibabu ya mifugo, lile lenye safu za jina la mfugaji, mnyama, dawa, dozi, maendeleo. Nikajaza. Mfugaji: Bhoke. Mnyama: dume, jeusi, miaka 41. Dozi: robo. Maendeleo: anakula sana.

Kesho yake asubuhi Bhoke akaweka chapati nne. Nikala moja na nusu, nikashiba. Tukaangaliana kama watu walioona mzimu.

Mizani nilitumia ya nesi wa zahanati. 121. Wiki iliyofuata 119. Ikaja 118. Ikaja 116 na nusu. Bhoke naye alikuwa akinizungushia kifuani ule utepe wa kukadiria uzito wa ng'ombe, ananisomea kwa sauti ya mnadani. Tulicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Hatukusema. Hii habari niliifanya siri, nikiogopa watasema bwana mifugo ameanza mambo ya mjini.

Side effects? Tumbo kujaa, kiungulia kidogo, choo kigumu. Maji mengi na kula kidogo kidogo vilinisaidia.

Sasa kosa langu. Mkinicheka mna haki.

Huku kwetu wiki inahesabiwa mnada hadi mnada. Mnada wangu ni Jumanne. Nashinda huko nakagua ng'ombe na kuandika vibali, nikitoka napitia ofisini, nafungua friji, nachoma. Sikuweka alarm kwenye simu. Ya nini? Mnada wenyewe ndiyo alarm.

Wiki ya Krismasi mnada ukaletwa mbele, ukafanyika Jumamosi ili watu wauze mapema. Nikaenda. Nikakagua. Nikatoka na vumbi langu, nikapitia ofisini, nikafungua friji.

Nikachoma. Siku nne tu tangu dozi iliyopita. Na ndiyo ilikuwa ile ya kwanza ya nusu miligramu! Nikajaza daftari vizuri, nikaenda zangu nyumbani napiga mluzi.

Jumatatu tukasafiri kwenda Nkende, pale Tarime mjini, kwa wakwe zangu. Njia nzima nilikuwa kimya kama kuku wa sadaka, kichefuchefu kimenishika. Bhoke akadhani ni vumbi.

Mzee Chacha, baba mkwe, alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili yangu. Mama mkwe kwa heshima ya Kikurya hali pamoja na mkwe wake wa kiume, yeye alibaki jikoni, ila masikio yalikuwa sebuleni. Nikawekewa sahani ya kwanza. Wote wananisubiri nianze.

Nikaiangalia ile nyama. Mafuta yanang'aa.

Nikatoka mbio. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikatapika mpaka machozi.

Niliporudi hakuna aliyekuwa amegusa chakula. Mzee Chacha ni mtu wa maneno machache na yote yamenyooka. "Mkwe. Umepungua. Nguo zimekulegea. Sasa unatapika nyama yangu. Kama ni ugonjwa, sema. Kama binti yangu hakupikii, sema pia, yupo hapa."

Bhoke akaniangalia. "Unasema, au niseme mimi?"

Aibu ilinishika, wakuu. Mke wangu anasingiziwa kuninyima chakula nami nimekaa na siri yangu. Nikasema yote. Upenyo, dume, Mwanza, sindano. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya daftari.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa kidole. "Jumanne. Jumanne. Jumanne. Jumanne. Jumamosi." Akanitazama juu ya miwani. "Mkwe, ng'ombe wangu ungemchoma hivi?"

Nikasema, "Hapana baba, siwezi."

"Basi kwa nini wewe umejifanya rahisi kuliko ng'ombe?"

 Akarudi kwenye picha, akasoma "dume, jeusi, anakula sana", na mzee yule akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Huko jikoni nako mama mkwe alicheka mpaka akadondosha mfuniko. Dakika kumi baadaye ukaja uji mwepesi wa kikombe kimoja, wa mgonjwa.

Nikampigia daktari. Akanigombeza kwanza, kisha akauliza dalili zangu moja moja, akaniambia ninywe maji kidogo kidogo, ya Jumanne hiyo nisiiguse, nirudi kwenye mstari Jumanne inayofuata, na kutapika kukizidi niende hospitali palepale. Siku ya tatu nikawa mzima.

Tangu hapo, kila Jumanne saa kumi jioni simu yangu inaita. Mzee Chacha. Hasalimii vizuri hata. "Bwana mifugo. Mgonjwa amechomwa?" Nikisema tayari, anakata.

Sasa ya wiki iliyopita.

Tulikuwa tunachanja tena, kibanio kile kile. Nimeinama ndani, nasikia kelele nyuma. Sikugeuka kuangalia. Miguu ilijiamulia.

Nilipokuja kujielewa nimesimama nje, naangalia dume linapumua upande wa pili wa nguzo. Shati halijachanika. Hata kifungo hakijagusa.

Nilipita, wakuu. Nilipita!

Wafugaji wakapiga kelele kama harusi. Mimi nikapiga simu nyumbani. "Bhoke, uliniuliza nitatokea wapi. Nimetokea palepale."

 Nikasikia vigelegele, mtu mmoja peke yake jikoni, kisha analia, kisha vigelegele tena.

Niko kilo 101. Safari bado. Kwenye daftari, safu ya maendeleo, nimeandika neno moja: amepita.

Funzo langu ni dogo. Nenda kwa daktari, usinunue kwa mtu wa mtandaoni. Dozi ipe siku ya kalenda, na mtu mmoja mwenye mdomo mkali ajue unafanya nini. Siri ndiyo ilitaka kuniua, kuliko hata lile dume.

Waliotumia hizi sindano tupeane uzoefu hapa, hasa kuhusu kiungulia. Wa kucheka, chekeni, nimeshazoea. Mimi naishia hapa, saa kumi hii na simu inaita.