Mjukuu wangu anatengeneza wine, na ufunguo wa jikoni ya kanisa umenitoka

Wakuu, poleni na kazi. Na wale mmeamka bila kuumwa mahali, mshukuru Mungu, sio wote.

Mwaka hii habari ilianza ni ule unga ilipanda bei mpaka sisi watu wa Trans-Nzoia, wenye kulimia nchi mahindi, tukawa tunakula mihogo asubuhi na ndizi mbichi jioni. Mtoto wa jirani yangu aliuliza mamake ati ugali ilikufa lini. Kama mnaukumbuka huo mwaka, basi tuko pamoja.

Nitasema vile ilikuwa. Sitaongeza chumvi, hata kwa mboga daktari alinikataza sababu ya pressure.

Mimi ni nyanya. Nilizaliwa Bungoma, nimezeekea Kibomet hapa Kitale. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo wenye kusahihisha Kiswahili mnivumilie ama mpite. Naandika na kidole kimoja.

Nimelea mjukuu anaitwa Nekesa. Mama yake ni binti yangu, anauza mitumba Bungoma, na mtoto aliniachia akiwa bado ananyonya kidole. Huyo mtoto ni wangu. Mtu akimwita mjukuu mbele yangu nasikia kama amenipunguzia kitu.

Basi huo mwaka wa mihogo Nekesa alikuwa amemaliza form four. College hakuna. Akaenda kupalilia mahindi ya watu huko Kwanza. Alikuwa anarudi mikono imetoka malengelenge, anakula ndizi yake kimya, analala na viatu.

Siku moja akasikia kuna kiwanda nje ya mji wanataka casuals wa kuchagua matunda. Akaenda.

Nikamuuliza wanatengeneza nini. Akasema juice.

Sawa. Lakini mimi nililelewa nyumba ya busaa. Mama yangu alikuwa anapika busaa, pombe yetu ya unga, huko Bungoma, ndiyo ilininunulia ile uniform ya darasa la nne. Nekesa alipoingia wiki ile ya kwanza na sweta yake, pua yangu ikaniambia hiyo juice imelala siku mingi.

Nikamwambia, "Nekesa, hiyo juice ina meno."

Akainamisha kichwa. "Kukhu, ni wine." Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu.

Wakuu, nilikaa chini.

Mniskize vizuri hapa. Mimi nimeokoka, lakini sio wokovu pekee. Babu ya huyu mtoto alikunywa shamba. Sisemi aliuza, nasema alikunywa. Alianza na upande wa mto, akaja na upande wa barabara, mwisho akabaki na mahali pa kuzikwa. Tangu tumzike, pombe haijapita kwa mdomo wangu, wala kwa mlango wangu.

Nilimwangalia yule mtoto na mikono yake myekundu ya matunda damu. Malengelenge ilikuwa imepona. Nikamwambia endelea, lakini siku utaingia hapa umelewa, utalala na kuku.

Hajawahi kulala na kuku.

Alianza kwa kuchagua matunda. Akatolewa huko akaoshe chupa. Kutoka chupa akapelekwa kuosha matangi, unaingia ndani mzima na burashi kama unaosha ng'ombe upande wa ndani. Huko kwa matangi akawa anauliza maswali. Mbona hii inachemka bila moto, mbona ile imenyamaza. Mdosi wake, mama anaitwa Njoki, akaona heri amfundishe kuliko kujibu kila saa. Akampeleka kozi. Leo Nekesa ndiye anasema tangi gani iko tayari na ipi ingojee. Mtoto wa malengelenge.

Nikiongea juu yake siwezi kufunga mdomo, mnivumilie.

Sasa tuje kanisani.

Mimi ndiye nilikuwa nashika ufunguo wa jikoni. Harusi, matanga, mikutano ya wachungaji, hakuna sufuria inatoka bila mimi. Ufunguo niliufunga na kitambaa cha shati ya marehemu, nikauvaa shingoni miaka yote. Wengine wana cheo, mimi nilikuwa na ufunguo.

Halafu habari ya wine ikafika kwa akina mama. Wakaja kwangu watatu, mwenyekiti wetu Sella akiwa mbele. Sella ni rafiki yangu, tumezika waume mwaka mmoja. Akanywa chai yangu akamaliza, ndipo akasema. Ati haiwezekani mwenye kupikia watu wa Mungu awe anakula mshahara wa pombe. Mtoto aache hiyo kazi, ama mimi niache ufunguo. Wakanipa mpaka Jumapili.

Ukweli ni kwamba nusu yangu ilikuwa upande wao. Ningekuwa mimi sio nyanya ya Nekesa, ningekuwa mtu wa nne kwa hiyo benchi.

Nikasema kwanza niende nione na macho yangu.

Alhamisi nikavaa lesso safi nikachukua boda. Nekesa aliponiona kwa gate akadhani kuna mtu amekufa.

Nilidhani nitapata walevi. Nikapata watu wako na gumboots.

Wa kwanza ni Wafula, fundi wa mapipa. Huyo ni wa kwetu Bungoma. Zamani alikuwa anatengeneza majeneza karibu na mochari. Nikamuuliza ipi ni ngumu. Akasema, "Mama, pipa ndiyo ngumu. Jeneza hakuna mteja alishawahi kurudi kuniambia linavuja." Nilicheka mpaka lesso ikafunguka, na nilikuwa nimekuja kununa.

Mwingine ni Chebet, wa Kapsokwony. Alikuwa anashukisha matunda kutoka mlimani na pikipiki, kwa ile barabara imesimama kama ngazi, mpaka siku alianguka mguu ukavunjika. Njoki hakumwacha. Akampa kiti na mizani, sasa ndiye anapokea matunda yote. Anatembea akichechemea, lakini hapo kwa mizani hata mdosi anangoja apewe ruhusa ya kupita.

Njoki mwenyewe alikuwa wa benki. Wazazi wake walitoka Central wakanunua shamba huku, wakalima mahindi mpaka uzee. Aliposema anaacha benki aje kuchachusha matunda, baba yake hakumwongelesha msimu mzima, kupanda mpaka kuvuna. Akaniambia hiyo akinishika mkono. Nikaona tumeelewana.

Halafu nikamwona Nekesa akifanya kazi.

Amevaa koti nyeupe, bana. Akachota kidogo kwa glasi, akanusa kwa muda kama mtu anasali. Akaweka mdomoni, akavuta na kelele kama mtoto wa uji. Halafu akatema kwa ndoo.

Akaenda tangi ingine. Akanusa, akavuta, akatema.

Mimi nimezaliwa nyumba ya pombe na nimeolewa nyumba ya pombe. Sijawahi kuona mtu anatema kwa kupenda. Babu yake angeona hiyo ndoo angelia.

Nikamuuliza, hata tone haumezi? Akasema, "Kukhu, nikimeza sitajua ya mwisho ikoje." Akasema kama kitu cha kawaida tu. Niliangalia dirishani kwanza, macho yalikuwa na maji.

Njoki akaniletea glasi ndogo kwa heshima. Nikakataa, akaniletea chai.

Nilikuwa nakunywa hiyo chai pale kwa Chebet wakati pickup ya broker iliingia.

Hapa ndipo uzi wangu uko, wakuu.

Sisi akina mama wa kanisa tuko na tabia moja. Tukipeleka matunda kwa broker, kila kreti tunafunga na kipande cha kitambaa cha uniform yetu, zambarau, ndio kreti zikirudi tupu tusigombane. Ni mimi nilianzisha. Na kila mmoja ana fundo lake. Sella, mwenye shamba lake liko Kwanza, hufunga mara mbili, kwa sababu Sella hamwamini mtu.

Hiyo pickup ilishusha matunda ya passion. Kreti juu ya kreti, zambarau, fundo mbili. Fundo mbili. Fundo mbili.

Chebet akaniambia bila kujua anasema nini, "Hizi zinatoka kwa mama mmoja huko Kwanza. Nekesa hapendi passion ya mtu mwingine kama hii."

Broker huwa anatuambia ni za juice.

Nikamaliza chai. Nekesa alikuwa ameona pia, na anajua hizo fundo tangu akiwa mdogo. Jioni nikisonga ugali, huo wakati unga ilikuwa imeshuka kidogo, akaniambia, "Kukhu, Jumapili si uwaambie tu. Watanyamaza wote."

Ni kweli wangenyamaza. Lakini Sella analea wajukuu wanne na hizo passion. Ningesema mbele ya watu, angeona aibu auze kwa nani tena? Matunda ingeoza ikining'inia kwa waya za shamba. Na mimi ningekuwa nimeshinda nini, jikoni?

Nikamwambia Nekesa akule ugali.

Jumapili baada ya ibada wakaniita kwa benchi ya nyuma. Sella akauliza nimeamua nini. Nikatoa ufunguo shingoni. Kitambaa kilinasa kwa kitambaa cha kichwa, ikabidi Sella mwenyewe anisaidie kutoa.

Nikasema, "Mimi sinywi, na mtoto haachi kazi."

Nikaenda nyumbani.

Nekesa alipojua kesho yake, akatoka kazini mchana na gumboots zake. Akasema anaacha. Akasema huo ufunguo ndio maisha yangu na hawezi kunywa chai kwa hii nyumba akijua ameninyang'anya. Alilia kama wakati mama yake alimwacha. Nilimshika kichwa nikakiweka kwa magoti, kizito hivyo, na nywele zikinuka matunda. Nikamwambia ufunguo ni chuma. Nikamwambia babu yake alipeleka kila kitu kwa pombe, na yeye ndiye mtu wa kwanza kwa hii boma kutoa kitu huko na kukileta nyumbani. Asithubutu kurudisha.

Akarudi kazini jioni hiyo hiyo. Macho yamevimba, lakini pua inafanya kazi.

Tangu hapo nakaa kanisani kama mgeni. Kwa matanga ya juzi nilikula wali imeungua, nikanyamaza, na Mungu ameona.

Kile nimejifunza: kazi ya mtu usiihukumu na harufu ya sweta. Nenda uone mikono inafanya nini. Na kitu unajua juu ya mwenzako, si lazima ukitumie. Kingine sijui, labda nyinyi mko na masomo zaidi mniambie. Kama uko na mtoto anafanya kazi watu wanaisema vibaya, andika hapo chini unavyoishi na wao kanisani. Nasoma zote, polepole.

Lakini kabla muandike, jana Sella alikuja. Peke yake.

Akaweka ufunguo kwa meza, bado na kile kitambaa cha shati. Akasema jikoni imewashinda. Nisimame tu Jumapili niseme Nekesa ataacha kufika Christmas. Si lazima aache kweli. Niseme tu.

Nikamwekea chai. Nikamuuliza passion zinaendaje msimu huu.

Akaangalia kikombe. Akasema, "Zinachukuliwa zote."

"Ni tamu," nikamwambia. "Wanazisifu."

Akaniangalia, nikamwangalia. Akajua ninajua, na akajua sitasema. Akatoa leso yake akafuta macho, halafu kwa sababu ni Sella, akauliza tena kama Jumapili nitasema.

Nikamwongezea sukari, nikasukuma ufunguo upande wake.

"Mimi sinywi, na mtoto haachi kazi."