Vibisi wa Evarista

Evarista Valero alizaliwa katikati ya matete. Mama yake alikuwa mtumbwini akikusanya mayai ya ndege uchungu ulipomshika, na kwa kuwa nchi kavu ilikuwa mbali, alijifungulia papo hapo, juu ya matete yaliyokatwa. Wazee wa Wauru, watu wa ziwani, wakasema mtoto huyo kamwe hatapotea majini.

Naye alikua akifanya kazi ya mama yake katika ziwa Poopó. Kwenye kiota cha mayai manne alichukua moja tu. Aliwajua heroe, wenye midomo iliyopinda ya kuchujia tope la chumvi, na bata wa kila rangi, lakini aliyempenda kupita wote ni kibisi. Mabawa ya kibisi wa huko ni mafupi kama viganja vya mtoto; hayamwinui hata kidogo. Miguu yake imewekwa nyuma kabisa, karibu na mkia, kama makasia. Akizama, samaki hana pa kukimbilia. Akipanda nchi kavu, huanguka kifudifudi. Baba yake Evarista alikuwa akisimulia kwamba zamani kibisi aliruka kama wenzake, ila maji yalimtosheleza hata akayasahau mabawa.

Kisha maji yakaanza kuondoka. Huko juu mto uliolisha ziwa ulikingwa kwa ajili ya mashamba, machimbo yakaujaza tope, na mvua ikawa ya kubahatisha. Kila mwaka mitumbwi ilisukumwa mbali zaidi kabla ya kuelea. Wiki moja ya joto, samaki walielea matumbo juu hadi upeo wa macho, na harufu ikakaa kijijini mwezi mzima.

Mwishoni mwa mwaka 2015 heroe waliinuka asubuhi moja, wakazunguka mara mbili, wakaenda zao. Bata wakafuata. Wanaume nao wakaanza kwenda kutafuta vibarua vya chumvi kusini. Waliobaki ni vibisi, kwenye dimbwi la mwisho lililokuwa likipungua kila kukicha.

Mumewe, Abdón, alikwisha kufunga mzigo. Alimkuta mkewe akisuka tenga la matete, akamuuliza ni la nini. Akamwambia ni la kubebea vibisi.

"Ndege kayatupa mabawa yake mwenyewe," Abdón alisema, "wewe ndiye utakayemrudishia?"

"Nitampeleka mtoni tu."

"Kuna safari ya kutwa nzima, mke wangu. Na sisi tuna miguu. Twende wote."

"Tangulia. Nitakuja."

Abdón hakubishana. Alimwachia baisikeli na nusu ya viazi vilivyokaushwa kwa baridi, akaondoka.

Evarista aliingia kwenye tope hadi kiunoni. Aliwakamata vibisi kumi na mmoja, wakimdonoa mikono hadi damu, akawalaza kwenye matenga mawili juu ya matete mabichi. Alfajiri alianza kuikokota baisikeli kuvuka sakafu ya ziwa. Kila walipoanza kutweta aliwanyunyizia maji ya kunywa, hata yake yakaisha.

Mchana alikutana na mchungaji wa lama, Muaymara aliyeitwa Fructuoso. Waaymara wa nchi kavu na Wauru wa majini hutaniana tangu enzi, na utani wenyewe una meno.

"Mama wa maji," akamwita kwa mbali, "leo umekuwa muuza kuku?"

Alipokaribia akachungulia tengani. Wanne walikwisha kufa. Fructuoso alifungua kibuyu chake na kumimina maji yote juu ya waliobaki, kisha akamwonyesha njia fupi.

Wakafika saba. Evarista aliwaachia mtoni mmoja mmoja. Walizama, uso wa maji ukatulia, na kwa kitambo akadhani amewaua. Halafu vichwa vikaibuka mbali, katikati ya mkondo, vikijipukuta. Evarista alicheka peke yake pale ukingoni mpaka akakaa chini.

Alirudi siku ya tatu kuchukua wengine, akakuta dimbwi limekauka. Juu ya tope palikuwa na michirizi mipana, alama za vifua vilivyojiburuta, na yote ilielekea upande mmoja, katikati ya ziwa, ambako daima maji yalikuwa mengi. Akaifuata. Mbweha walikwisha kumtangulia. Alijaribu kuzika mabaki ya vibisi, lakini tope lilikuwa gumu kama tofali na hakuwa na jembe.

Miezi miwili baadaye Fructuoso alikuja hadi mlangoni kwake, akavua kofia. Safari hii hakutania.

"Mto umekatika, mama. Umebaki vidimbwi tu. Wale wako niliwakuta ukingoni. Nisingependa uambiwe na mtu mwingine."

Evarista akamshukuru, akampa kiti, akampikia uji wa kwinoa. Mgeni alipokwisha kuondoka, alifunga nyumba na kumfuata Abdón.

Sasa hujaza chumvi kwenye mifuko. Karibu na kiwanda kuna kilima cha mawe, na siku moja kijana anayeongoza wageni aliwapeleka wafanyakazi wakaone. Aliwaonyesha gamba jeupe lililoganda juu ya miamba, juu kuliko vichwa vyao. Lilijengwa na uoto laini wa majini, alisema, maelfu ya miaka iliyopita, wakati ziwa moja kubwa lilipofunika jangwa hili lote la chumvi na Poopó pia. Kisha likakauka.

"Na vilivyokuwa vikiishi humo vilikwenda wapi?" Evarista aliuliza.

Kijana akaonyesha lile gamba. "Vingine vilihama, mama. Vingine vilibaki hivi, kama unavyoona."

Evarista aliweka kiganja juu ya gamba lile. Lilikuwa kavu, lenye joto la jua, na liliparuza. Abdón alimgusa bega akamwambia lori linasubiri. Wakateremka, na jioni hiyo Evarista alifunga mifuko mia mbili ya chumvi.