Riwaya Hubonyezwa Shingoni

Kong! Mlio huo bado uko masikioni mwangu. Ni wa kitunguu kibichi kikigonga karai tupu la bati, asubuhi ya Jumamosi, kabla soko la Kitengela halijachangamka. Kila nikisikia kong! nilijua Susu amepata kingine cha kutupa.

Mwanangu, kaa hapo nikuambie. Najua utacheka, maana mimi sijafika umri wa kumwita mtu mwanangu. Hata mvi sina, labda hiyo moja ambayo rafiki yangu Wambui anasema ni unga. Lakini wasichana wa sekondari wanaopita kibandani kwangu kuniuliza wasome nini wananiita antie, na mtu akizoea kuitwa antie, ameshapewa ruhusa ya kutoa nasaha. Hii hapa si yangu. Nilipewa na Susu, nyanya yangu mzaa mama, ambaye analima vitunguu huko Kimana na hupanda lori pamoja na mzigo kuja kunisaidia kuuchambua.

Shule yangu iliishia kidato cha pili. Kusoma hakukuishia hapo. Nasoma riwaya vile wengine wanakula njugu: za mapenzi, na zile za ajabu, za majoka na wachawi na nchi ambazo haziko kwa ramani yoyote isipokuwa ile iliyochorwa ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana niliruka kwa furaha nilipokaribishwa kwenye klabu yetu ya kusoma. Tunakutana kwa duka la kushona la Mama Naserian, Jumamosi moja kila mwezi, tukikalia marobota ya vitambaa. Sheria ni moja. Mwenye zamu anasimama, anataja kitabu, anakitetea. Wenzake wakikubali, wote tunakisoma mwezi huo. Wakikataa, zamu imempita, atangoja mpaka iwazunguke wengine wote.

Siku hiyo ya karai ilikuwa zamu yangu ya kwanza.

Sasa elewa shida yangu. Kitabu nilichokipenda kwa moyo wote kilikuwa ndani ya mkoba. Ni riwaya mpya ya msichana anayechunga mawingu kama ng'ombe. Kila wingu lina jina, na akiliita kwa jina linakuja na mvua. Lakini kila akiita, yeye mwenyewe anasahau jina la mtu mmoja wa kwao. Niliilia hiyo riwaya mpaka mteja akaniuliza ni vitunguu gani hivyo vikali namna hiyo. Ila klabu nzima ilikuwa imerukwa na akili kwa sababu ya kitabu kingine, cha mapenzi, cha bosi mrefu wa Nairobi anayemfokea karani wake asubuhi hadi jioni, halafu anampenda. Sehemu ya pili ilikuwa imetoka. Kila mtu aliitaka. Nikajiambia, Mwende, usijitafutie aibu. Itaje hiyo ya bosi, wapige makofi, ukae chini.

Basi hapo tukichambua vitunguu nikamsimulia Susu habari za huyo bosi, kisha nikaanza kufanya mazoezi kwa sauti. "Hiki ni kitabu cha kukutoa machozi, kitabu cha kukunyima usingizi, kitabu ambacho kila mwanamke lazima..."

"Ngoja," Susu akasema. "Hayo ni maneno yako ama ya broka?"

"Ya broka aje, Susu?"

"Broka akibeba mzigo wa watu kwenda kuuza anasifu hata mawe. Wewe umeyatoa wapi?"

Nilikuwa nimeyatoa kwa simu, mwanangu. Watu waliyaandika huko chini ya picha ya kitabu, na mimi nikayameza mazima mazima. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyo bosi alikuwa ametembezwa mitaa yote.

Susu akachukua kitunguu kimoja, chekundu, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. "Hiki ni kizuri?"

"Kizuri kabisa."

"Bonyeza shingo."

Hii ndiyo kazi yetu, na mtu wa vitunguu hawezi kukuficha. Kitunguu hakiangaliwi tumbo. Kinabonyezwa kwa kidole gumba pale juu, shingoni, mahali majani yalikuwa yameshikana na kichwa. Shingo ikiwa kavu, kitakaa miezi. Ikiwa laini, kiling'olewa kwa haraka, kikaanikwa kwa haraka, na kuoza kutaanzia hapo hapo, kiambukize na wenzake kwa mfuko wa neti. Nikabonyeza. Kidole kikazama.

Kong!

"Haya," Susu akasema, akifuta mikono kwa leso. "Huyo bosi wako alikuwa mbaya. Sasa ni mzuri. Shingo iko wapi? Hapo katikati alibadilika aje?"

Nikafikiria. "Alimwona yule dada akinyeshewa na mvua kwa stendi."

"Halafu?"

"Halafu akampenda."

"Akinyeshewa tu?"

"Eeh, Susu. Ilikuwa mvua kubwa."

Susu alicheka mpaka akashika mbavu. "Wee Mwende! Mimi nimenyeshewa maisha yangu yote na sijaona mwanaume amebadilika. Babu yako tulinyeshewa na yeye, mwavuli mmoja, na akauvutia upande wake!" Akafuta machozi, na uso wake ukawa mpole. "Unajua alibadilika lini? Siku alianza kuniuliza, mama, unaona tupande wapi. Na hapo alikuwa amekosea shamba misimu mingi. Moyo unakauka polepole, mwanangu, kivulini, kama kitunguu. Mtu asikudanganye."

Mwanangu, kichwa changu kilikuwa kimeanza kuzibonyeza riwaya zangu zote, moja baada ya nyingine.

Nilikumbuka ile ya mjane na mwenye duka la dawa, ambayo watu waliilalamikia ati inachelewa. Haichelewi! Yule mwanaume anamkosea mama wa watu, anaenda kuomba msamaha, anafukuzwa, anarudi kurekebisha lango bila kuongea, na hata hapo hasamehewi bado. Shingo kavu kabisa. Nikakumbuka ile nene ya majoka yenye ramani nzuri kuliko stori, ambapo shujaa anatema moto kutoka mwanzo hadi mwisho na hachoki, haungui, hapotezi hata kiatu. Uchawi wa bure, mwanangu, ni laini. Ukiuwekea kidole unazama. Nikakumbuka ile ya mapacha wa malkia. Hiyo niliipenda nusu ya kwanza, na nusu ya pili mwandishi alikimbia kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Usinisikie vibaya. Mimi napenda harusi mwishoni. Napenda wabusiane, mvua inyeshe, ng'ombe zirudi nyumbani. Nataka tu hiyo furaha iwe imekauka vizuri kabla ya kufungwa kwa gunia.

Na ya mawingu? Niliibonyeza kwa nguvu hiyo, kwa sababu kitu unachokipenda ndicho kinakudanganya kwa urahisi. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Kila mvua ililipiwa jina.

Mchana nikavua aproni, nikanawa mikono kwa ndimu, nikaenda. Wenzangu wengi wamesoma kunipita na mimi ndiye mgeni wao. Nikikataliwa, nitakaa kimya kwa hayo marobota mpaka nisahaulike.

"Supa, Mwende," Mama Naserian akanisalimia Kimaasai, sindano mdomoni.

"Ipa, Mama."

Wambui alikuwa ameshajitandaza kwa robota kubwa. Huyu Wambui anauza mitumba ng'ambo ya barabara, na sauti yake haihitaji spika. "Haya mschana wa vitunguu, tuletee bosi wetu! Mimi nimevaa hadi lipstiki juu yake."

Nikasimama. Nikafungua mkoba, nikatoa kitabu cha mawingu.

"Ngai!" Wambui akalia. "Na bosi?"

"Bosi nimemwacha stendi anyeshewe," nikasema.

Wakacheka, nami nikapata pumzi kidogo. Nikawaambia wazi kwamba sehemu ya kwanza niliisoma na haikunishika. Nikawauliza lile swali la Susu: alibadilika aje? Wambui akarukia jibu. "Alimwona... aki, si alimwona tu amelowa!" Akasikia maneno yake mwenyewe, akajifunika uso na leso. "Lakini ni mrefu, jamani!"

"Urefu si tabia," dada mmoja akamjibu kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe, wako ni mfupi na bado hana tabia!"

Duka likaangua kicheko. Kikapungua, na Wambui akanigeukia na macho makali ya mtu wa sokoni. "Sawa. Sasa nionyeshe mapenzi iko wapi kwa hiyo yako. Mawingu haioi."

Hapo ndipo ningeweza kuanguka. Maneno ya simu hayangenisaidia, kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameyaandika kuhusu kitabu hicho. Nikawa na yangu tu. Nikawaambia kuhusu msichana huyo, vile anaamka asubuhi na kaka yake anamletea maziwa, naye anayapokea akisema asante sana mgeni. Nikawaambia vile kaka anatoka nje kulia, halafu anarudi na kusema jina lake upya, kila asubuhi, bila kuchoka, kama salamu. "Wambui," nikasema, "hayo si mapenzi?"

Mama Naserian akatoa sindano mdomoni.

"Sisi kwetu ng'ombe tunaita kwa majina," akasema polepole. "Ule mwaka wa kiangazi zilipokufa, baba aliendelea kuita majina jioni, boma tupu. Tulifikiri amechanganyikiwa." Akachoma sindano kwenye kitambaa. "Huyo msichana, anafika kumsahau mama yake?"

"Sisemi, Mama. Someni."

"Ai! Unatuuzia kama broka!" Wambui akasema.

"Hapana. Broka hangewaambia kwamba katikati kuna sura moja inachosha."

Wakainua mikono. Mama Naserian wa kwanza, halafu dada wa nyuma, halafu wote. Wambui alikaa akiangalia dari, akibana midomo kama mtu anayedaiwa tabasamu, kisha akainua mikono yote miwili. "Mimi wa kwanza kuazimwa! Lakini bosi wangu msimtukane tena, huyo nitamsoma kwa siri." Wakanipigia makofi na kigelegele, na watu wa nje wakachungulia wakidhani kuna bibi harusi anavalishwa. Mwanangu, sijawahi kuwa mrefu vile.

Basi nasaha ndiyo hii. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hata zikiwa fupi usiende kuvaa wigi ya mwenzako ukidhani hatutaona mshono. Soma kitabu mwenyewe. Kipende mpaka ulie, halafu kibonyeze pale panapounga: pale chuki inageuka mapenzi, pale uchawi unadai malipo. Kama ni pakavu, simama ukiseme hata kama duka lote linataka kingine. Kama ni laini, sema pia, ila kwa upole, maana kuna mtu alikilima. Na anayekipenda kitabu ambacho wewe umekitupa, usimcheke. Mwachie karai achague mwenyewe.

Mungu akupe macho yasiyochoka na taa isiyozimika kabla ya sura kuisha. Akupe rafiki wa kubishana naye ambaye kesho atakusalimia. Na siku zamu yako ikifika, ulimi wako uwe wako. Enda salama.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya tambarare, nilikaa kitandani peke yangu na mkasi. Nikashusha kalenda ya mwaka uliopita kutoka ukutani, nikaikata, nikakivalisha kile kitabu cha mawingu jalada kabla ya kumwazima Wambui, kama tulivyofanya shuleni, upande mweupe nje. Nikakunja kona zote vizuri. Halafu nikainua godoro, nikakilaza chini yake, nikakaa juu ili kinyooke.