Mama mkwe alivyozikata vichwa kabichi zangu akidhani ni mgagani (mwaka wa Uhuru, Nyegezi)

Wakuu, hamjambo humu ndani? Najua wengi wenu ni rika la wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba yenu nawapa yote kwa mpigo. Msijejaza uzi wangu na shikamoo tupu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Asiyetaka kuamini apite kimya kimya, sina ugomvi naye.

Juzi kuna mmoja aliuliza humu, kati ya mgagani na kabichi apande nini kwenye kibustani chake. Nimesoma majibu yenu nikacheka hadi machozi. Jamani! Mnajibu kama watu ambao hawajawahi kubeba debe la maji.

Sasa sikieni.

Mwaka ule wa Uhuru nilikuwa na miaka ishirini, mwaka mmoja tu kwenye ndoa, naishi kwa wakwe zangu Nyegezi. Msifikirie Nyegezi ya stendi. Ilikuwa mashamba na ng'ombe na mawe, ukiteremka kidogo uko ziwani.

Tulikuwa na darasa la akina mama. Mwalimu wetu tulimwita Bibi Maendeleo, maana ndilo jina la kazi yake: kushona, usafi, kulea watoto, bustani. Siku moja akatutangazia kwamba mmoja wetu atapelekwa kozi ya miezi sita, akirudi awe mwalimu kama yeye. Bustani zetu zitakaguliwa, na mkubwa wake atatoka mjini kuja kuchagua.

Wakuu, niliitaka ile nafasi mpaka nikakosa usingizi! Nilisoma hadi darasa la nne, baba akasema mtoto wa kike inamtosha. Nilijua hii nikiikosa, basi tena.

Tukapewa mbegu za kabichi. Nusu yetu hatukuwahi kuila. Tulikuwa tunaiona tu kwenye vikapu ikipelekwa mjini kwa Wazungu na Wahindi.

Mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akaziangalia zile mbegu kiganjani mwangu.

"Na hii utaila lini? Panda na mgagani, mwanangu. Watu hawali maendeleo."

Nikapanda tuta moja la mgagani, shingo upande, ili yaishe.

Sasa wewe uliyeuliza, jibu lako hili hapa. Kabichi ni mboga ya kudeka! Unaisia kwenye kitalu, unaitengenezea kivuli cha nyasi, ikipata majani manne matano unaihamisha, kati ya mche na mche unaacha nafasi ya hatua nzima. Maji asubuhi, maji jioni. Mimi nilikuwa napandisha madebe kutoka ziwani mpaka utosi unauma. Viwavi nao wanaipenda kuliko wewe, kila siku unanyunyiza majivu. Na baada ya shida zote hizo unasubiri karibu miezi mitatu.

Mgagani? Unatupa mbegu pale palipokuwa zizi la ng'ombe zamani, mvua ikigusa tu, huo! Wiki tatu nne unachuma. Hauna habari na mtu. Usiutuamishie maji tu, hapo utaukasirisha.

Matumizi nayo tofauti. Kabichi ikishakomaa unaiuza, inakaa siku nyingi haijanyauka, haina uchungu, hata mgeni anaila. Mgagani ni mchungu, lazima uuchemshe umwage maji, kisha umimine maziwa, hapo ugali hautoshi! Mwanamke akijifungua ndio anapewa. Ukizidi unauanika unakuwa nsansa, kiangazi kikija wenzio wanahangaika, wewe una mboga ndani.

Lakini kubwa kuliko yote ni uchumaji. Mgagani unaukata kichwa. Usipoukata unakimbilia maua, umekwisha. Ukiukata unatoa matawi, unachuma tena na tena. Kabichi ukiikata kile kichwa cha katikati, umeiua. Ndimo kabichi yenyewe inamojifunga.

Basi. Kabichi zangu zikapendeza jamani, majani mapana, katikati yameanza kujikunja. Nilikuwa nazipitia kila asubuhi nazihesabu, arobaini na mbili. Hapo ndipo zikaja habari kwamba shangazi yangu amefariki kwetu Busisi. Nikavuka ziwa kwenda msibani, nikakaa siku tisa. Bustani nikamwachia Mayu.

Narudi, hata mzigo sijatua, nakwenda moja kwa moja bustanini.

Mama yangu! Zote zimekatwa vichwa. Arobaini na mbili, hakuna iliyosalia.

Mayu akaja nyuma yangu anatabasamu. "Nimekusaidia. Zilikuwa zimeanza kujikunja, nikajua zinataka kutoa maua. Nimezikata zitoe matawi, na maji nimezipa asubuhi na jioni."

Mwanamke mzee yule, na magoti yake yale mabovu, alikuwa amepanda kile kilima na debe siku tisa kwa ajili yangu. Utamwambia nini? Na kwetu mkwe hapandishiwi sauti. Nikasema, "Asante, Mayu." Nikachukua debe nikateremka ziwani, nikalia huko mpaka nikaishiwa. Nilimchukia siku ile, nasema ukweli.

Siku ya ukaguzi ikafika. Akina mama wote tumejipanga, tunatoka bustani hadi bustani. Wenzangu kadhaa wana kabichi kama vichwa vya watoto. Tukafika kwangu. Mgagani umeshamiri, na pembeni yake visiki vyangu vimetoa vijani vya ovyo ovyo.

Yule mkubwa, mama mmoja mrefu wa miwani, akainama akaangalia. "Nani kazikata hizi?"

Mayu alikuwa amesimama palepale kati ya wenzake, amevaa kanga mpya. Nikamwona uso umembadilika. Alikuwa ameona za wenzangu njiani, alikuwa ameshaelewa.

Ningesema ni yeye, angekuwa kichekesho cha Nyegezi nzima.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Mdomo ukafunguka wenyewe! Nikawaeleza pale kwa Kiswahili, wazee nikawarudia kwa Kisukuma. Nikang'oa mgagani mmoja nikawaonyesha unapokatwa na kwa nini. Nikapasua kisiki cha kabichi nikawaonyesha palipokuwa na moyo wake. Nikasema sisi tumefundishwa kupanda, hatukuambiwa kwamba hii haichumwi kama mboga yetu.

Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Kumbe! Mimi zangu nilizikata hivyohivyo, nikazing'oa kwa aibu, nikasema zimeliwa na mbuzi." Mwingine naye, "Hata mimi!" Vicheko vikalipuka, Bibi Maendeleo mwenyewe akashika kichwa.

Mayu hakucheka. Akasogea mbele.

"Huyu mtoto anadanganya. Hizi nimezikata mimi. Yeye alikuwa msibani."

Yule mama wa miwani akatuangalia wote wawili, akavua miwani, akaifuta. Akamwambia Mayu, "Kabichi nimeziona nyingi leo. Mwalimu nimemwona mmoja. Lakini ni mkweo, ana mume na nyumba. Utamruhusu miezi sita?"

Mkwe akikataa hapo, hata mume wangu hana la kusema.

Mayu akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Kabichi zake nimeziharibu kwa kutojua. Hili nalijua. Aende."

Nikaenda. Nimefundisha akina mama mpaka nikastaafu.

Nililojifunza ni hili: ukimfundisha mtu namna ya kufanya bila kumwambia sababu, atakuharibia kwa upendo wote. Na kwa aliyeuliza, panda zote mbili, ila kila moja uifuate tabia yake.

Haya, uwanja wenu. Nani humu aliharibiwa kitu na mtu aliyekuwa anamsaidia, na alimjibu nini? Na wale wa kupika mgagani bila maziwa, jitokezeni tuwaone.