Boti ya Baba Mkwe Kitale

Hadi leo nikisikia trekta likinguruma barabarani, mjukuu wangu, nakumbuka asubuhi moja kule Kitale tulipoivuta boti katikati ya mashamba ya mahindi kuipeleka bwawani. Watu waliacha majembe wakasimama kututazama. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilikaa juu ya trela nimejishika kichwa, maana katika miezi yote niliyoitengeneza boti hiyo, sikuielewa hata siku moja. Keti nikusimulie. Mvua hii haiishi leo, kwa hiyo huna pa kwenda.

Nilikuwa kijana, fundi wa mashine za posho, zile za kusaga mahindi, pale Bumula. Simu za mkononi zilikuwa bado kufika vijijini, na aliyekuwa na neno alituma mtu. Nilikuwa nimemchukua Nekesa, huyu bibi yako unayemwona, bila kupitia kwa wazee. Alitoka kwao Kitale akisema anaenda kununua sukari, akajikuta Bumula. Tulikuwa tayari na mtoto, lakini kila wazee wetu walipokwenda kwa baba yake kuomba radhi na kuanza mazungumzo, walirudishwa langoni bila hata chai. Hiyo ni aibu, mwanangu. Mke unaye, mtoto unaye, ila wakwe huna. Niliwaza usiku na mchana nitaingia vipi katika ule mji.

Baba mkwe, Mzee Wanyonyi, alikuwa amestaafu kazi ya serikali huko upande wa Lodwar. Wenzake walirudi na mbuzi. Yeye alirudi na boti aliyoinunua mnadani. Si mtumbwi wa wavuvi, la. Ilikuwa boti ya starehe, ya injini, yenye chumba, vitanda viwili, jiko, na hata choo. Iliegeshwa juu ya trela kando ya ghala la mahindi, na Kitale yenyewe, kama ujuavyo, haina ziwa. Mzee alitaka itengenezwe, kisha aipeleke Budalang'i, kwa kina mke wake kando ya Ziwa Victoria, ibebe wageni. Mafundi wa mjini waliichungulia wakaenda zao. Ndipo akatuma ujumbe Bumula.

"Mwambieni huyo wa kusaga unga akuje. Hii kitu ikielea nikiiona na macho yangu, nitaita wazee wao. Isipoelea, Nekesa arudi nyumbani na mtoto wake."

Nikafunga spana zangu kwenye gunia, nikaenda.

Niliipanda ile boti nikashindwa pa kuanzia. Injini ilikuwa ya dizeli, ndugu ya ile ya posho, na hapo moyo ulitulia kidogo. Lakini nilitafuta rejeta, ile ya kupoza injini, sikuiona. Nilifuata mpira mmoja nikidhani ni wa mafuta, ukanipeleka chooni. Nilibonyeza swichi ya taa, pampu ikalia. Nilibonyeza ya pampu, kukawa kimya, na hadi leo sijui kile kimya kilikuwa cha nini. Hata hivyo nilifanya kazi, nisijidharau. Niling'oa mbao za sakafu zilizooza nikaweka mpya. Dirisha lililovunjika nilitia kioo nilichokata kutoka gari kuukuu. Nilishona mito ya vitanda, nikavuta nyaya za taa upya kwa betri ya gari, nikabandika viraka vya faiba palipopasuka, nikavipiga msasa na kupaka rangi ya bluu hadi ikang'aa. Injini niliiwasha kwa kuitumbukizia mpira kwenye pipa la maji, maana niligundua, baada ya kuipasha moto karibu kuiua, kwamba rejeta yake ni ziwa lenyewe. Wapita njia walianza kuniita nahodha. Moyoni sikuwa nahodha wa chochote.

Sasa nikueleze habari ya mama mkwe, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe. Mimi nilikulia Bungoma mjini, karibu na stesheni ya reli, kwenye nyumba za kupanga ambako kila mlango una kabila lake. Mila zetu nilizisikia nusunusu, hasa vijiweni. Nilipokuwa nikienda Kitale, rafiki yangu mmoja wa bodaboda alinipeleka stendi, akanipa mafunzo yake yote nikiwa nimekaa nyuma ya baiskeli.

"Simiyu, mama mkwe humuangalii. Humpei mkono. Hata maneno yake husikilizi. Ukimuona anakuja, kata kona, bana!"

Nikayameza yote bila kutafuna. Mama mkwe akitokea upande huu wa ghala, mimi natokomea upande ule. Akikohoa, naingia ndani ya boti na kujifungia. Naye alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, hakunisogelea wala kuniita. Jina lake silitaji mpaka leo, na wewe usiniulize.

Siku moja nikiwa nimelala chini ya boti, niliona tundu. Liko nyuma, chini kabisa, linaingia kidole gumba. Nilishtuka. Boti yenye tundu! Nani huyu aliyetoboa chombo cha majini? Nikakumbuka tuliyoimbishwa shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikachonga kizibo cha mti, nikakizungushia mpira wa tyubu, nikakipigilia. Nililala kwa furaha.

Asubuhi kizibo kimetoka. Hakijaanguka, mwanangu. Kimewekwa vizuri kwenye sinki ya jiko la boti, kimepanguswa. Nikakirudisha. Kesho yake kiko kwenye sinki tena. Angekuwa mwizi angekiiba, angekuwa mtoto angekitupa. Nilianza kuogopa. Nikawaza labda kuna mtu hataki nimpate Nekesa. Nikawaza labda boti imekuja na jini lake kutoka huko jangwani. Nilifikiria kumwambia Mzee, nikaona nitakuwa nimeshtaki watu wa nyumbani kwake, tena mimi ambaye sijapewa hata kiti. Nikazidisha nyundo.

Na kitu kingine kilinichanganya. Kila asubuhi mama mkwe alitoka jikoni na ungo, akasimama karibu na boti, akawatupia kuku mtama huku akiwahutubia kwa sauti kubwa. Mimi nilikimbilia ndani na kuimba nyimbo za kanisa ili nisisikie, maana nilishaambiwa kusikiliza ni kosa. Lakini maneno mawili matatu yalipenya. Maji. Mvua. Boti. Nikatikisa kichwa. Maskini mama wa watu, nikasema, uzee umemfikia mapema. Nilimhurumia Mzee Wanyonyi kwa kuishi na mgonjwa.

Ikafika siku ya bwawani. Bwawa lilikuwa la shamba kubwa la jirani, pana na lenye kina katikati. Usiku ilinyesha mvua ya Kitale, ile isiyobisha hodi. Alfajiri mama mkwe alihutubia kuku kuliko siku zote, akapaza sauti mpaka jogoo mwenyewe akakimbia. Nami niliimba mpaka koo likauma. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimekipigilia kizibo kwa nyundo kubwa, kwa hiyo sikuhangaika kuinama kukitazama tena kwenye matope. Trekta likaja, tukaenda.

Boti ilielea! Ilishuka kwenye trela, ikatikisika, ikakaa juu ya maji imetulia. Watu walipiga makofi. Mzee Wanyonyi alivaa koti lake la kustaafia, akapanda, akaketi mbele. Niliwasha injini, ikaitika mara moja, tukasogea hadi katikati. Nilijiona nimeoa upya.

Halafu viatu vikalowa. Nilidhani ni choo kinavuja. Nikafunga bomba la choo, maji yakaongezeka. Nikabonyeza pampu, taa zikawaka. Nikabonyeza taa, honi ikalia, na watu ukingoni wakadhani nawasalimu, wakanipungia mikono. Injini ikapiga chafya, ikazima. Boti ikaanza kukaa nyuma kama ng'ombe aliyechoka.

"Simiyu," Mzee akasema polepole, "mimi sijui kuogelea."

"Hata mimi, Baba."

Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa, nikifungua vifuniko vya sakafu kimoja baada ya kingine bila kujua natafuta nini. Nilimfikiria Nekesa kule Bumula na mtoto mgongoni, akingoja habari ya wazee, na mimi nakwenda kumzamishia baba yake.

Nikasikia kitu kimeingia majini. Ni mama mkwe, aliyekuwa ukingoni pamoja na wengine. Amejifunga leso kiunoni, anaogelea. Alizaliwa Budalang'i, mwanangu, ambako mtoto hujua maji kabla ya kujua ugali. Alifika, akapanda kwa nyuma, akapita karibu nami akinigusa bega. Mimi, katikati ya kufa, niligeukia ukutani nikafumba macho. Akang'oa kitambaa chake cha kichwa, akazamisha mkono hadi kwapani, akalishindilia lile tundu. Kisha akanirushia sufuria ya jiko la boti.

"Teka maji!"

Nikateka, uso ukutani, nikirusha nyuma bila kutazama.

"Geuza uso, wewe mtoto wa wenyewe! Unanimwagia mimi kichwani!"

Nikageuka. Tukateka, goti kwa goti, katika chumba kisichotosha mbuzi wawili. Sijawahi kuchanganyikiwa hivyo, sikujua niombe radhi kwa tundu, kwa bega, ama kwa kichwa chake kilichokuwa wazi mbele yangu.

"Mvua ikinyesha, boti iko juu ya nchi, hiyo tundu inaachwa wazi maji itoke," alisema huku akiteka. "Ingejaa usiku, injini yako ingeoza. Nimekufungulia kila siku. Leo si nilisema kizibo iko kwa sinki, ufunge kabla ya kuingia majini?"

"Ulisema lini, Mama?"

"Kila asubuhi! Nikilisha kuku!"

"Nilijua unaongea na kuku."

Aliacha kuteka, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Tangu lini kuku akakuwa na boti?"

Nikainama kuteka tena, mwanangu. Kumbe hiyo ndiyo njia ya wazee wetu. Mkwe hasemeshwi uso kwa uso, lakini haachwi azame. Unazungumza na kuku, na mtoto, na hata na mti, na mkwe mwenye masikio anachukua lake. Rafiki yangu wa bodaboda alinifundisha ukuta, akasahau kunionyesha mlango. Nami sikumuuliza mwingine yeyote.

Maji yalipopungua boti iliinuka, tukaipiga makasia kwa ubao wa kitanda hadi ukingoni. Mzee Wanyonyi alishuka akitetemeka, koti linatiririka. Umati ukasogea karibu, maana kila mtu alijua ahadi yake.

"Sasa niambieni," akasema. "Hii kitu imeelea ama haikuelea? Na wewe mama, si nilikuona ukiongea na yeye kila asubuhi? Nilijua mnaelewana!"

Nilitazama chini. Nilianza kupanga nitamwambia nini Nekesa.

"Imeelea," mama mkwe akajibu, akikamua leso. "Imezama kidogo, ikaelea."

"Na huyu?"

"Huyu maji imemfika shingo na bado aliogopa kunitazama. Kazi ya boti hajui, na mila anajua nusu. Lakini heshima anayo. Hayo mengine atafundishwa. Ita wazee wao."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya wale wote waliokuwa wakiniita nahodha.

Wazee wetu walikwenda, wakapewa viti na chai na kuku. Mimi nilimpelekea mama mkwe blanketi zito, kama ilivyo desturi ya kufuta aibu ya kugusana, naye akanirudishia baraka zake mbele ya mashahidi. Boti ilifika ziwani baadaye, na kizibo chake kilifungwa kamba na mama mwenyewe, kisipotee wala kisisahaulike.

Sasa chukua lako. Wewe unakwenda kwenye kazi mpya na unakwenda kuoa, na huko kote utakuta vitu huvielewi. Ukikuta tundu, usikimbilie nyundo. Uliza kwanza aliyelitoboa alitaka nini kipite, maana si kila kilicho wazi kimeharibika. Ukikuta mila, usiishike kwa mkono mmoja ukaogopa kuuliza mkono wa pili uko wapi. Mwacha mila ni mtumwa, ndiyo, lakini anayeishika nusu naye hujifunga mwenyewe. Na zaidi ya yote, ukimwona mtu mzima anarudia neno lile lile kila siku, hata kama unaona anaupigia upepo kelele, acha kuimba nyimbo zako. Simama usikilize. Pengine ni wewe anayekuokoa, na njia nyingine ya kukufikia hana. Mimi mama mkwe wangu amelala kaburini sasa, na kuna asubuhi natoka nje nikitamani kusikia anahutubia chochote.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe wakwe watakaokurukia majini bila kungoja kuitwa. Akupe masikio mapana kuliko mdomo. Nyumba yako isikose maji ya kunywa, na maji yasiwe na nguvu juu yako. Nenda kwa amani, na ukifika, uliza.