Shangazi Aliponitembeza Iringa

Juzi sokoni Mtoni niliona mama kamshika mkono katoto ka kike kageni, kanashangaa kila kitu.

Mie nilitembezwaga hivyohivyo Iringa mjini na shangazi yangu. Anaitwa Tulia, nalitaja jina makusudi. Tulizunguka kutwa kwa miguu maana hela hatukuwa nayo. Tulipanda jiwe la Gangilonga, upepo unanukia mikaratusi, mabati ya mji yanang'aa kule chini. Tukagawana hindi moja la kuchoma. Nikajua ananipenda kuliko wanawe.

Jioni tukamkuta stendi mwanamke nisiyemjua. "Mwamkie bosi wako," shangazi akasema.

"Shikamoo."

"Kadogo hivi kataweza kufua?" yule mwanamke akauliza.

"Dada, haka kamekulia kisimani. Wee kape ugali tu."

Kisha akanigeukia. "Vua sweta, mwanangu atalivaa. Dar hakuna baridi."

Nikalivua nikicheka. Nilidhani tunaendelea kutembea, kesho tutarudi.

Mama alidanganywa kwamba nimepelekwa shule. Alikufa akiwaambia majirani binti yake anasoma, ndiyo maana haji.