Njia ya Paskazia Mbugani

Siku hizi asubuhi haina kengele kule mbugani, nyuma ya kijiji cha Didia. Ng'ombe wa mfugaji Bujiku walikuwa wameizoea kiasi cha kupisha bila kuinua vichwa. Wakifika karibu na korongo bado husita, masikio yamesimama, kisha wanaendelea na majani yao.

Kengele ilikuwa ya Paskazia, Mama Loveness, mpeleka maziwa. Kazi hiyo aliirithi kwa kaka yake Abel, siku lori lilipomfagia Abel kando ya lami pamoja na madumu yake. Maziwa yalitiririka mtaroni, mbwa wakaja kuyalamba. Paskazia aliwaona wale mbwa. Dereva hakusimama, wala hakuna aliyekwenda kumtafuta. Msiba uliisha, misa zikasomwa, hasira ikabaki. Akaapa hatapita lami.

"Sasa utapaa?" jirani yake Scolastika alimcheka.

"Nitapita mbugani."

"Mbugani kuna njia?"

"Itakuwepo."

Alinunua baiskeli ya gia ya mtumba, yenye tairi pana, na kiangazi chote, kila Jumapili akitoka kanisani, akawa anatafuta njia. Alifuata mapito ya ng'ombe, yakamzungusha mpaka kwenye lambo lililokauka, yakamrudisha alikotoka. Miba ya migunga ilimtoboa tairi. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza gurudumu zima. Uwanda ule haukuelekezi. Ni majani na upepo, na mbali kabisa mawe makubwa yaliyopandana. Alijifunza kuyaweka mawe yale upande wa bega la kulia, akakanyaga pedali. Mwishowe akajua: ukikata ngitili ya kina Bujiku na kuvuka korongo moja, unatokea mjini kwa nyuma bila kuiona lami.

Tatizo lilikuwa hiyo ngitili. Ni malisho yaliyofungwa. Majani huachwa yakue masika yote, ng'ombe wapate cha kutafuna kiangazi kikikaza. Atakayeyaharibu huitwa mbele ya dagashida, baraza la kijiji, akatozwa faini.

Bujiku alimkuta amesimama ukingoni mwa ngitili, akamwamkia.

"Mwangaluka, Mama Loveness. Hiyo ng'ombe yako ya chuma inakula majani?"

"Mwangaluka. Inakula upepo tu."

"Basi pita. Ila usipite ulipopita jana, majani yakilala mara mbili hayainuki. Na upige kengele, nisije nikakurushia fimbo nikidhani mwizi."

Akapita hivyo, kila siku mahali papya, kengele ikilia, na nyuma yake majani yakiinuka kana kwamba hakupita mtu. Wateja wake wa Ibadakuli, huko mjini, walipata maziwa mapema kuliko enzi za Abel.

Kisha mvua zikaja. Korongoni udongo uling'ang'ania tairi hadi baiskeli ikagoma, na maziwa yakaganda kwenye madumu. Paskazia akaokota mawe, akayapanga sakafuni mwa korongo, akajitengenezea pa kuvukia. Aliona si kosa; korongo halina majani. Bujiku aliyatazama yale mawe, akakuna kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Zikaanza bodaboda kuvukia hapo. Yakafuata malori. Ng'ambo ya korongo yalikuwa yamefunguliwa machimbo mapya, na wanunuzi wa mawe ya dhahabu walitafuta pa kulikwepea geti la ukaguzi barabarani. Asubuhi moja Paskazia alilikuta lori katikati ya ngitili, majani yamelala upana wa nyumba. Kando yake alisimama Gregory, mnunuzi kutoka Geita, simu mkononi.

"Shikamoo, Mama Loveness! Wewe injinia kabisa. Sisi tumehangaika mwezi mzima."

"Shikamoo yako ina magurudumu kumi. Itoe humu."

"Mama, njia ni ya wote."

"Njia? Hapa palikuwa na majani!"

"Sasa yale mawe aliyaweka nani?"

Alicheka bila ubaya wowote, na hicho ndicho kilichomchoma.

Dagashida ilimtoza Paskazia mbuzi. Yeye ndiye aliyefungua njia, walisema. Na Gregory? "Huyo tutampata wapi?" wakasema, ilhali kila jioni alikuwa senta akinywa soda. Bujiku alitazama miguu yake.

"Mnanipata mimi kwa sababu nina kengele," Paskazia alisema. "Aliyemuua Abel hamkumpata. Huyu mnamwona kwa macho, naye hamtampata!"

Kesho yake alirudi korongoni na mtalimbo, akaanza kung'oa. Bujiku akaja na jembe, akashuka bila salamu. Wakachimba mpaka lori likafika ukingoni na kupiga honi.

"Mama, toka!" dereva alifoka. "Nina mzigo!"

"Hata mimi nilikuwa nao."

Akalitupa jiwe la mwisho vichakani. Dereva alishuka, akachungulia lile shimo la matope, akatukana, akarudisha lori nyuma.

"Sasa wewe utapita wapi?" Bujiku aliuliza.

"Waulize wenzako wa dagashida."

Akapanda baiskeli, akaondoka bila kugeuka. Kengele hakuipiga.

Ngitili imefungwa tena, na majani yameanza kurudi. Paskazia yuko lamini, upande wa kushoto, kati ya Didia na mjini, madumu mawili nyuma ya baiskeli.